Mali bila Daftari: Tulivyozuru Nyumba ya Nyaraka za Taifa, Nairobi

Katika mazungumzo ya leo twataka kuwaeleza habari za nyumba moja iliyo katikati ya mji wa Nairobi. Maelfu ya watu hupita mlangoni pake kila siku, wakikimbilia magari na shughuli zao, wala hawaingii. Nyumba hiyo ni Nyumba ya Nyaraka za Taifa la Kenya. Tulikwenda huko pamoja na wanafunzi 32 wa chuo cha ualimu tunamofundisha, vijana ambao baada ya muda si mrefu watakabidhiwa madarasa yao wenyewe. Tuliwachukua ili waone kwa macho yao historia hutoka wapi. Kwa maana mwalimu asiyejua kisima kilipo hawezi kuwaonyesha watoto njia ya kwenda kuteka maji.

Jengo lenyewe ni la mawe, nalo lilijengwa mwaka 1906 liwe benki. Wakati ule mji wa Nairobi ulikuwa bado mchanga, kwani reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899 tu. Basi nyumba iliyojengwa ili kuweka fedha za wafanya biashara leo yaweka karatasi. Mwanafunzi mmoja alicheka alipoyasikia hayo, akasema kwamba nyumba imeshuka cheo. Tukamjibu kwa methali aijuayo kila mtu: mali bila daftari hupotea bila habari. Benki isiyo na daftari si benki. Na taifa lisilo na daftari tutaliitaje?

NYUMBA YA NYARAKA NI KITU GANI?

Kabla ya kuingia ndani, tuliwaeleza vijana tofauti ya nyumba tatu ambazo watu huzichanganya. Maktaba huweka vitabu, navyo vitabu vimeandikwa ili visomwe na watu wote. Makumbusho huweka vitu vya kutazamwa: vyungu, silaha, mavazi na kadhalika. Nyumba ya nyaraka huweka karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya kazi: barua za ofisi, hesabu za kodi, ripoti za mwaka, hukumu za baraza, ramani na orodha. Aliyeziandika hakudhani hata kidogo kwamba sisi tutakuja kuzisoma. Hiyo ndiyo nguvu yake, maana mtu asemaye asipojua kwamba asikilizwa husema mengi. Lakini hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake, maana karatasi ya ofisi huandika mambo yaliyomhusu mwenye ofisi, wala haiandiki yale yaliyomhusu mtu aliyesimama nje ya mlango akingoja.

Nyumba hii ya Nairobi iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru wa Kenya. Ndani yake mna nyumba ya nyaraka na makumbusho pamoja, na jambo hilo latufaa sana, kwa kuwa mtu aweza kuona kitu chini na karatasi juu, akavilinganisha.

Chini ndiko kulikowekwa vitu alivyokusanya Joseph Murumbi. Bwana huyu alizaliwa mwaka 1911, baba yake akiwa mfanya biashara Mgoa na mama yake Mmasai. Akasoma Bara Hindi, akarudi, akaingia katika kazi za kudai uhuru, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache, kisha akajiuzulu. Alifariki mwaka 1990. Watu wengi wenye vyeo hukusanya mashamba. Murumbi alikusanya vitabu, stempu, nguo, mapambo, vinyago na vyombo vya Waafrika kutoka nchi nyingi za bara letu. Palikuwa na watu wa nchi za nje waliotaka kuvinunua, lakini alipenda vibaki nyumbani, akaiuzia Serikali ya Kenya.

Vijana wetu walitembea kati ya vitu hivyo kwa furaha kubwa. Kila mmoja alitafuta kitu cha kwao, na alipokiona, au alipoona kinachofanana nacho, aliwaita wenziwe. Huyu alisema bibi yake alikuwa na kibuyu kama hiki cha kugandishia maziwa. Yule alisema babu yake alikalia kigoda cha namna hii na hapana mtoto aliyethubutu kukikalia. Tuliwaacha wafurahi. Kisha tukawaonyesha jambo moja lililo katika makumbusho mengi ya dunia: kitu cha Afrika aghalabu huandikiwa jina la kabila lake na mahali kilipotoka, lakini jina la fundi aliyekitengeneza halipo. Mchoraji wa Ulaya hutajwa jina lake, na mwaka aliozaliwa, na mwaka aliokufa. Mfinyanzi wetu huitwa kabila. Hakuna aliyekusudia uovu katika kila neno la namna hiyo. Yule aliyekinunua chungu sokoni hakumwuliza mama aliyekifinyanga, “Waitwa nani, mama?” Naye akishakufa, hakuna tena wa kuulizwa.

NYUMBA ZILIZOHESABIWA

Tulipopanda juu, palipo chumba cha kusomea, tuliletewa faili za ripoti za mwaka za wilaya mbalimbali. Ripoti hizi ziliandikwa na wakuu wa wilaya wa zamani za ukoloni, wale walioitwa Mabwana D.C. Zimepigwa chapa kwa mashine katika karatasi ambazo sasa zimekuwa rangi ya majani makavu. Zaeleza mvua ilivyonyesha, mazao yalivyopatikana, kesi ngapi zilisikilizwa, barabara zipi zilitengenezwa. Na karibu zote zaeleza kodi.

Kodi ya nyumba iliwekwa katika nchi hii kwa sheria ya mwaka 1901, ikilipwa kwa kila nyumba, kwa fedha za rupia. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili vijana wasio na nyumba nao walipe. Mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, akalipa mara tatu. Mwanzoni wengi hawakuwa na rupia. Walikuwa na mbuzi, na mtama, na nguvu za mikono yao. Basi ilimlazimu mtu kuuza mifugo au kwenda kufanya kazi katika shamba la mgeni mpaka apate fedha ile. Wala halikuwa jambo la bahati tu. Kuwatoa watu majumbani waende kufanya kazi ya mshahara lilikuwa kusudi mojawapo la kodi ile, na wenye mashamba walilisema wazi.

Msichana mmoja katika wanafunzi wetu alikuwa amepewa ripoti ya wilaya ya kwao, ya miaka ya 1920. Aliisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, akifuata mistari kwa kidole. Hata alipofika mwisho akairudia tena. Kisha akatuuliza, “Mwalimu, baba yake babu yangu alikaa katika wilaya hii mwaka huo huo. Mbona simwoni?”

Tukamjibu, “Yumo. Tazama hapa penye hesabu ya nyumba zilizolipiwa kodi. Moja katika hizo ni yake.”

Akaitazama ile hesabu kitambo, akasema, “Basi walichukua kodi yake, jina wakamwachia.”

Wasikilizaji wetu, tumefundisha historia miaka mingi, lakini neno lile lilitunyamazisha. Tangu hapo hatukuweza kulitazama lo lote katika nyumba ile bila kulikumbuka, na mazungumzo yetu ya leo yote ni maelezo ya neno hilo.

JINA LILILOFUNGWA SHINGONI

Mtu aweza kusema, “Lakini ulikuwako wakati ambapo majina yaliandikwa.” Naam, ulikuwako. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia miaka ya 1919 na 1920, ikaanza kufanya kazi. Kila mwanamume Mwafrika aliyekadiriwa kuwa na miaka 16 au zaidi alipaswa kuchukua kipande. Katika karatasi ya kipande paliandikwa jina lake, kabila lake, wilaya yake na alama za vidole vyake. Na tena jina la bwana aliyemwajiri, siku aliyoanza kazi, mshahara aliopewa, na siku aliyoruhusiwa kuondoka. Akiondoka bila sahihi ya bwana, alihesabiwa mtoro, naye aliweza kutafutwa, kutozwa faini au kufungwa. Karatasi ile ilitiwa katika kijaluba cha bati, na wengi walikivaa shingoni kwa ugwe. Wazee walikifananisha na kengele afungwayo mbuzi ili mwenyewe asimpoteze.

Sisi wenyewe tulikua tukikiona kijaluba kimoja cha namna hiyo bila kujua ni nini. Kilikuwa nyumbani kwa bibi yetu, mzaa baba, naye alitia ugoro ndani yake. Kilikuwa chepesi, kimebonyea upande mmoja, na kifuniko chake kilitoa mlio kila alipokifungua. Babu alikuwa amekwisha kufa. Tulipokuwa wakubwa na kusoma habari za kipande, ndipo tulipomwuliza bibi kuhusu kijaluba chake, naye akasema kwa wepesi, “Hicho? Hicho kilikuwa cha babu yako. Karatasi yake aliichoma mwenyewe siku aliyoambiwa haitakiwi tena.” Sheria ile ya kipande iliondolewa kwa sheria mpya ya mwaka 1947, iliyowahusu watu wa rangi zote.

Tulipokuwa vijana tulisikitika kwamba babu aliichoma karatasi ile, maana ilikuwa na jina lake na alama za vidole vyake. Sasa hatumlaumu. Jina la mtu huweza kuandikwa kwa njia mbili: huandikwa ili aheshimiwe, na huandikwa ili asiweze kutoroka. Babu alijua lake limeandikwa kwa njia ipi. Hata hivyo neno kipande halikufa. Mpaka leo Wakenya wengi huita hivyo kitambulisho chao, wala vijana wao hawajui kengele ile ilikotoka.

Na bibi je? Bibi hakuwa na kipande. Sheria ile iliwahusu wanaume tu. Hata baada ya uhuru vitambulisho vilikuwa vya wanaume, mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1978 ili wanawake nao waandikishwe. Kwa hiyo mtu atafutaye habari za wanawake wa zamani katika karatasi za serikali atawakuta kwa nadra: katika kesi za mahari, katika habari za mjane aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba yake, au pale walipoinuka na kufanya jambo ambalo halikuweza kunyamaziwa.

Jambo la namna hiyo lilitokea mwezi wa Machi mwaka 1922. Harry Thuku, kijana aliyewaongoza watu kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa tarehe 14. Tarehe 16 umati wa watu ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai afunguliwe. Wanaume walipotaka kutawanyika, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwakemea na kuwaaibisha mbele ya watu, akawaongoza wenziwe kusonga mbele. Polisi wakapiga bunduki, naye akafa pale pale. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21. Watu waliokuwako walisema walikuwa wengi zaidi. Angalieni basi: mahali pa jambo hili si mbali na jengo lile la mawe, mtu aweza kwenda kwa miguu. Jina la Muthoni tunalo. Majina ya wengi walioanguka pamoja naye hatuyafundishi, kwa kuwa hatuyajui.

SANAMU YA WAPAGAZI

Baada ya chakula cha mchana tuliwapeleka vijana kwa miguu mpaka barabara ya Kenyatta, penye sanamu ya askari watatu wa shaba. Sanamu hii ilisimamishwa katika miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi.

Vita ile katika Afrika ya Mashariki ilipiganwa mahali pasipo barabara, na penye mbung'o wauao farasi na ng'ombe. Kwa hiyo chakula, risasi, mahema na hata vipande vya mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Waingereza walichukua mamia ya maelfu ya wapagazi, wengi wao kwa nguvu. Kwa hesabu zilizoandikwa, waliokufa ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi waona kwamba hesabu ya kweli yapita hapo sana. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Homa, kuhara, baridi na njaa ndivyo vilivyowamaliza. Makambi yao yaliitwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya jeshi la wapagazi, na ulimi wa Kiswahili ukayageuza. Ndiyo asili ya mtaa wa Kariokor wa Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Watu huenda huko kununua nyama na nguo, nao hutaja kaburi bila kujua.

Chini ya sanamu mna maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili, na ya herufi za Kiarabu, yaliyotungwa na Rudyard Kipling. Yaahidi kwamba hata mtu akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Vijana walizunguka sanamu yote wakitafuta majina. Hakuna hata moja. Wala si jambo la heshima tu. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa sababu majina yao na makao yao hayakuwa yameandikwa sawasawa, na aliyebaki nyumbani hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Hapo vijana wetu walielewa kwamba daftari si kitu cha wanachuoni peke yao. Mtoto wa mpagazi alikosa haki ya baba yake kwa kukosekana kwa mstari mmoja wa wino.

KARATASI ZILIZOSAFIRI

Tena kuna karatasi zilizoandikwa sana, lakini hazikuachwa nchini. Wakati uhuru ulipokaribia, maofisa wa ukoloni walizichagua faili zao. Nyingine ziliteketezwa kwa amri. Nyingine zilitiwa masandukuni zikapelekwa Uingereza, kwa kuwa zilihofiwa kuwaaibisha waliozitoa. Nyingi zilihusu miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 wakati wa vita vya Mau Mau, na habari za makambi ambamo watu walizuiliwa.

Kenya iliziuliza tangu miaka ya 1960, wala hazikurudishwa. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya, wanaume na wanawake, walifungua mashtaka London juu ya mateso waliyoyapata katika makambi yale. Kesi ile ndiyo iliyofichua mambo. Mwaka 2011 Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ina faili kadiri ya 8,800 kutoka makoloni yake 37 ya zamani, zimewekwa mahali paitwapo Hanslope Park; na faili kadiri ya 1,500 zilikuwa za Kenya. Tarehe 6 Juni 1993 kama ingalikuwa siku hiyo, wengi wa wazee wale wangalikuwa na nguvu za kuifurahia. Lakini ilikuwa tarehe 6 Juni 2013, karibu miaka 50 baada ya uhuru, ndipo Serikali hiyo ilipotangaza kusikitika kwake na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi.

Tuliwaambia wanafunzi wetu wayatafakari mambo mawili hapa. La kwanza: wazee wale walikuwa wakiyasema mambo yao kwa vinywa vyao muda mrefu, na kinywa kikaonekana hakitoshi mpaka karatasi ilipokuja kukisaidia. La pili: kama wazee wasingalisema, hapana mtu ambaye angaliitafuta karatasi. Kinywa na daftari ni kama mikono miwili; mmoja huuosha mwenzake.

KOSA LETU WENYEWE

Vijana walipoyasikia hayo walikasirika, na hasira yao ilikuwa ya haki. Katika gari la kurudi chuoni waliwalaumu waliochoma na waliohamisha. Tuliwasikiliza kitambo. Kisha ikatupasa kuwaungamia jambo ambalo hatukuwa tumemwambia mtu, na leo twawaungamia ninyi pia.

Tulipoanza kazi ya ualimu tulipelekwa katika shule moja ya zamani, ambayo hatutaitaja jina. Palikuwa na ghala nyuma ya darasa la mwisho, na ndani yake vitabu vikubwa vya majina ya wanafunzi tangu miaka ya mwanzo ya shule. Mchwa walikuwa wamekula pembe zake, na panya wamezaa ndani ya sanduku. Wageni walitazamiwa kuja, nasi tukaambiwa tuisafishe ghala ipate kupakwa chokaa. Hakuna aliyetuamuru kuvichoma vitabu vile. Tuliambiwa tusafishe tu. Sisi ndio tulioona kwamba ni takataka. Moto uliwaka alasiri mbili, na mpishi wa shule akajichukulia vilivyosalia kuwashia jiko. Ghala ikawa nyeupe, tukasifiwa.

Mwaka wa tatu baadaye alikuja mzee mmoja, akapiga hodi. Tukamwamkia, “Shikamoo, Mzee.” Akaitikia, “Marahaba, mwanangu.” Tulipomkaribisha kiti akatueleza shida yake. Alitakiwa katika ofisi fulani kuthibitisha mwaka aliozaliwa, naye hakuwa na cheti cho chote. “Lakini mimi nimesoma hapa,” akasema. “Siku niliyoletwa, mwalimu aliniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili. Nikalifikia. Ndipo akaniandika katika kitabu kikubwa, na mwaka wangu akauandika. Nifungulie kitabu kile, mwalimu.”

Ilitubidi kumwambia kwamba kitabu hakipo. Akauliza kimekwenda wapi, nasi tukamwambia kweli. Mzee yule hakukasirika, wala hakutulaumu. Alikaa kimya, akatazama nje ya dirisha upande wa ghala, kisha akasema, “Basi, mwanangu, mimi sikusoma.” Akashika fimbo yake akaenda zake.

Mpaka leo twamwona akiuvuka uwanja wa shule. Waliozihamisha karatasi za nchi walijua thamani yake, ndiyo sababu wakazificha. Sisi hatukuijua hata thamani yenyewe, na tulikuwa walimu.

LA KUFANYA

Wasikilizaji wetu, hatuwezi kuwapa wapagazi majina yao, wala kumrudishia mzee yule kitabu chake. Lakini kuna mambo ambayo kila mtu aweza kuyafanya nyumbani mwake bila gharama kubwa, nasi twayataja machache.

Kwanza, usichome karatasi ya zamani kwa kuwa imechakaa. Cheti cha ubatizo au cha ndoa, barua ya mwana aliyekuwa mjini, stakabadhi ya kodi, daftari la chama cha akina mama, vyote hivyo vina majina ya watu ambayo pengine hayamo mahali pengine po pote. Viweke mahali pakavu, pasipo jua kali, juu ya ardhi ili mchwa wasivifikie, na uvifungue mara kwa mara uvitazame. Kitu kikiwa kimekuzidi, nyumba ya nyaraka yaweza kukupa shauri.

Pili, picha zilizomo nyumbani ziandikwe nyuma majina ya watu waliomo, na mahali, na mwaka. Tumia penseli, usiandike kwa wino, maana wino huweza kupenya ukaharibu sura. Picha isiyo na majina, baada ya vizazi viwili, ni picha ya wageni.

Tatu, waulizeni wazee nanyi mwandike. Mzee akisema hajui mwaka, msimwache. Mwulizeni ni mambo gani yaliyotokea wakati ule. Je, ilikuwa kabla ya nzige wale wa mwaka 1928 hata 1931, au baada yao? Alikuwa amekwisha kuoa Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939? Rika lake laitwaje, na njaa aliyoiona utotoni iliitwaje? Kwa maswali kama hayo mwaka hujitokeza wenyewe. Na msiwasahau akina bibi, kwa kuwa karatasi za serikali zimewasahau mbele yenu.

Nne, kitu kikongwe kilichomo nyumbani, kama kinu, kigoda au chungu, kiandikieni kijikaratasi: nani alikitengeneza, nani alikitumia, kilipatikanaje. Sisi tumeanza na kile kijaluba cha bati. Bibi yetu naye amekwisha kufa, na ugoro wake ulikwisha zamani, ijapokuwa harufu yake ingalimo. Ndani yake tumetia karatasi mpya badala ya ile iliyochomwa. Tumeandika jina la babu, na chini yake jina la bibi, ambaye hakuwa na kipande maisha yake yote ya ujana.

Yule msichana aliyeuliza habari za babu yake mkubwa alirudi kwao wakati wa likizo. Alipokuja chuoni alitupa daftari la kurasa 40, la bei ndogo, kama yale wanunuliwayo watoto. Alikuwa amemwuliza nduguye bibi yake, mzee sana, naye akamtajia majina ya watu wa nyumba saba zilizokuwa katika mtaa mmoja wa kijiji chao kabla ya vita: wanaume, wake zao, watoto, hata mama mmoja aliyekuwa akifinyanga vyungu. Katika hesabu ya Bwana D.C. nyumba zile saba ni saba tu. Tuliandika tarehe juu ya jalada la daftari lile, tukalitia katika kabati la chuo, na ufunguo tunao.